Kwatei na Kopo la Rangi Nyekundu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Akra kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi, mji utaanza kuona.

Ndivyo ulivyosema waraka, na waraka ulibandikwa kila penye ukuta, mara nyingine juu ya picha zilezile ambazo wakazi walitakiwa kuanza kuziona. Chini yake palikuwa na saini ndefu ya Mheshimiwa Dakta Theophilus Okine-Bruce, Mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Kuona Michoro ya Kuta na Maisha ya Mji. Idara hiyo ilizaliwa wiki iliyotangulia, na ilizaliwa tayari ina magari mawili, jokofu na wimbo wake.

Wapo watu wa midomo waliouliza: kwani siku zote mji ulikuwa haujioni? Maswali ya watu wasio na kazi. Siku zote watu walikuwa wakitazama tu, kienyeji. Mtu anatoka kwake asubuhi, anapita ukuta wenye picha ya simba au ya nabii, anautupia jicho, anacheka kidogo, huyoo anaenda zake. Hakuna fomu aliyojaza. Hakuna takwimu. Ukiuliza serikali ni wangapi wamemwona simba tangu Januari, serikali inabaki inakodoa macho. Hiyo ndiyo nchi?

Mkurugenzi aliyajua haya kwa sababu alikuwa amesafiri. Alizunguka siku kumi na saba, miji mitano, akijifunza wenzetu wanavyoona kuta zao. Alirudi na picha mia nne na kumi na mbili, na katika kila moja amesimama yeye katikati, mikono kiunoni, na nyuma ya mabega yake unapata kipande cha bawa, sikio la punda, nusu ya jua. Picha hizo zilioneshwa kwenye semina kwa saa tatu mfululizo. Waliohudhuria wanakiri kwamba hawajapata kumwona Mkurugenzi vizuri namna ile.

Mmoja wa waliohudhuria, kwa amri, alikuwa Kwatei.

Kwatei alikuwa mwandishi wa wekundu wa Halmashauri. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja: penye nyumba inayojengwa bila kibali, anafika na kopo lake la rangi na brashi yake iliyofungwa kwa uzi, anaandika ukutani kwa herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima: ACHA KUJENGA. LETA KIBALI. KWA AMRI. Aliandika vizuri, tena vizuri mno. Herufi A yake aliipanua miguu kama mtu anayezuia mlango.

Na katika miaka hiyo ishirini na miwili, hakuna binadamu hata mmoja aliyeacha kujenga. Si kwamba walimchukia. La hasha. Walimpokea vizuri. "Karibu, Kwatei! Andika huku pembeni, bwana, hapo katikati tunatoboa dirisha." Wengine walimletea kigoda na maji ya kunywa. Ilifika mahali mtu akimaliza nyumba bila kuandikwa wekundu, majirani walimwonea huruma, wakidhani Halmashauri imemdharau. Kwatei hakuwa na kinyongo. Yeye aliajiriwa kuandika, hakuajiriwa kusomwa.

Nyumba moja tu ilimshinda. Miaka mitatu nyuma alitumwa kwenye jumba lililokuwa likipanda ghorofa juu ya ghorofa katikati ya mfereji wa mvua, kule karibu na rasi. Alipofika getini na kopo lake alikutana na mwenye nyumba ana kwa ana, na wiki iliyofuata akajikuta amehamishiwa stoo ya mifagio, alikokaa miezi minane akilinda mifagio isiyokuwa na mpango wa kutoroka. Mwenye nyumba alikuwa Okine-Bruce, kabla hajawa dakta. Tangu siku hizo mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakipita mferejini hupita vyumbani mwa watu wa mtaa wa Bukom. Halmashauri ilichunguza jambo hilo ikagundua kuwa kosa ni la maji.

Sasa mji ulikuwa unasubiri ugeni. Umoja wa Miji Yenye Macho, wa huko ng'ambo, ulikuwa unaleta wajumbe wake kuja kutoa tuzo, na Mkurugenzi aliitaka tuzo hiyo kama mgonjwa anavyotaka dawa. Alikuwa amekwisha kutayarisha michoro thelathini na sita, yote imechorwa na mkandarasi mmoja ndani ya wiki moja: nawa mikono, njiwa, nawa mikono, uso wa Mkurugenzi, njiwa. Hiyo ndiyo iliyoandikishwa. Mchoro wowote mwingine ulikuwa haujaandikishwa, kwa hiyo haukutakiwa kuonekana, kwa hiyo uondolewe kabla mgeni hajauona kwa bahati mbaya.

"Namba moja kwenye orodha," Mkurugenzi alimwambia Kwatei ofisini, "kibanda cha kenkey, Bukom. Ukuta una picha isiyo na cheti. Kibanda nacho hakina kibali. Kaandike leo, baada ya siku saba katapila linapita."

Kwatei alishusha kopo lake sakafuni. "Picha ya bondia, Mheshimiwa?"

"Bondia gani? Sijaona bondia yeyote pale."

"Dereva wako anakununulia kenkey hapo kila mchana, miaka kumi na moja sasa. Ukiwa umekaa garini, yule bondia anakuangalia usoni."

"Mimi huwa naangalia simu," alisema Mkurugenzi wa Idara ya Kuona. "Nenda."

Hapa lazima nimtetee Kwatei, maana mtu anaweza kusema: si angekataa tu? Kukataa ni rahisi kwa asiye na mke na pensheni. Na tena Kwatei alikuwa na siri ambayo haikuwa siri kwa yeyote Bukom. Ile picha aliichora yeye. Aliichora akiwa kijana, kabla Halmashauri haijamkabidhi kopo, na katika maisha yake yote ni picha moja tu aliyochora ikatoka kweli. Ilikuwa picha ya Odoi Pigo Moja, bondia aliyeangusha watu wazima kwa mkono wa kushoto halafu akafa kwa presha, amelala zake kitandani. Mkewe, Mama Amerley, hakuwa na picha nyingine ya mumewe, hata ndogo ya kitambulisho. Kila asubuhi kabla hajawasha majiko aliufuta ule uso kwa kitambaa kibichi kuondoa masizi, akiufokea kwa mambo ya jana.

Kwatei alipotokea na kopo, Mama Amerley alikuwa anaopoa kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, sufuriani. Aliliona kopo, akaweka upawa chini.

"Umepotea njia, Kwatei. Hapa hakuna anayejenga."

"Mama, nimetumwa."

"Umetumwa! Hata mbwa anatumwa, lakini hamng'ati aliyemlisha. Hujala samaki wa pilipili hapa wewe? Mkeo alipojifungua, nani alipeleka uji?"

"Ni wewe, Mama."

"Na huyu ukutani alichorwa na nani? Na mkono gani? Uweke huo mkono hapa niutazame."

Kwatei aliuweka mkono mezani kweli, kama mtoto. Mama Amerley aliutazama sana, na machozi yakamtoka, akajifuta kwa pindo la kitenge kwa hasira, maana hakupenda wateja wamwone.

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Basi andika. Lakini ukimgusa uso, Kwatei, Mungu mmoja, nitakumwagia hii sufuria."

Hakuugusa. Alipiga magoti, akaandika pole kuliko siku zote, chini kabisa, akizungusha maneno yote kwenye kiuno cha Odoi pale bondia anapovaa mkanda wa ubingwa. Alipomaliza alifunika kopo. Mama Amerley alimfungulia kenkey moja kutoka kwenye maganda yake ya mahindi, akamwekea samaki na pilipili, akamsukumia sahani bila kumwangalia. Kwatei alikula. Aliimaliza yote.

Siku ya sita wajumbe wakafika. Kiongozi wao alikuwa Profesa Tassin, mama mmoja mrefu mwenye kamera shingoni na viatu vya kupandia milima, ingawa Akra yote ni tambarare. Mkurugenzi akawatembeza kwenye njiwa. Akawatembeza kwenye nawa mikono. Walipofika kwenye uso wake wa nne, profesa alipiga mwayo wa heshima, mdomo umefungwa, pua ndiyo iliyofanya kazi.

Saa sita ikagonga. Dereva wa Mkurugenzi, ambaye tumbo lake lilikuwa na ratiba yake lenyewe, alikata kona bila kuambiwa na kusimamisha gari mbele ya majiko ya Mama Amerley. Mkurugenzi hakupata hata nafasi ya kumzuia. Profesa alikuwa ameshashuka.

"Mungu wangu," alisema. "Na hapa tena!"

"Samahani sana, Profesa," Mkurugenzi alimkimbilia. "Huyo bondia tunamwondoa kesho, ilikuwa ni uzembe wa…"

"Bondia gani?" Profesa aligeuka kumtafuta, akamwona, akamsahau. "Nasema haya maandishi! Nimeyaona tangu uwanja wa ndege. Kwenye nyumba, kwenye maduka, hata kwenye kanisa moja. Mji mzima, mkono mmoja! Hii A yenye miguu iliyopanuka. Miaka thelathini nazunguka duniani, sijaona msanii mmoja akiukabili mji mzima namna hii. Ni nani?"

Mkurugenzi alikuwa na msimamo mmoja tu maishani, na ni kwamba kiongozi hasemi hajui. Alikohoa. "Ni mradi wetu. Wa siku nyingi."

"Na ujumbe wake ni kwa nani?"

"Kwa… umma. Kwa umma mpana."

"Na umma unajibu nini?"

Hapo Mkurugenzi alitoa simu, akaiangalia. Kwatei, aliyekuwa ameletwa kubeba ngazi, aliona aibu ya bosi wake akamwokoa. "Umma unaendelea kujenga, mama," alisema.

Profesa Tassin alifumba macho. Aliandika maneno hayo kwenye daftari akiwa amefumba macho vilevile.

Mambo yakaenda haraka, kama yaendavyo mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Siku ileile jioni ukatiwa saini Mkataba wa Wekundu, kurasa kumi na moja. Ulisema ukuta wowote wenye maandishi yale, mwenye nyumba akikubali na kusaini, ni urithi usioguswa na serikali hii wala ijayo. Mkurugenzi akapewa tuzo, jicho la shaba lililosimama juu ya jiwe, akapigwa picha amesimama mbele yake, jicho halionekani. Akaajiri Wasimamizi wa Kuta thelathini, wenye fulana za kijani na filimbi, na baada ya usaili mkali wa kitaifa ikatokea kwamba wote thelathini ni wapwa zake.

Asubuhi ya siku ya saba katapila lilipofika Bukom, lilimkuta Mama Amerley amekaa mbele ya ukuta na upawa mkononi. Pembeni yake palikuwa na wapwa wawili na hati iliyopigwa kidole gumba. Dereva wa katapila aliisoma hati, akanunua kenkey mbili, akarudi alikotoka.

"Ngoja nielewe," Mama Amerley alimwambia Kwatei. "Kilichotaka kumbomoa mume wangu ndicho kinachomlinda?"

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Na yule mama wa kamera, alimwona Odoi?"

"Alimtupia jicho tu, akamsahau."

"Basi afadhali. Angemwandikisha." Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akageuka ukutani akalia kwa sauti, mbele ya wateja, na safari hii hakujali. Kwatei alisimama pale na kopo lake hajui aliweke wapi.

Watu wa mji nao si mazuzu. Waliletewa hati nyumba kwa nyumba, wakazisoma, maana mtu wa Akra akiona karatasi ya serikali huisoma mbele na nyuma na kuinusa. Wenye nyumba zilizokwisha zamani walisaini mbio. Waliokuwa hawajaezeka walifika kifungu cha tisa, wakakuna vichwa, wakasema, "Asante, tutafikiri." Kwatei naye aliusoma mkataba wote usiku na mchana, kurasa kumi na moja, kwa kuwa ulimhusu yeye na hajapata kuhusika na karatasi yoyote kabla ya hapo.

Mtu mmoja tu mji mzima hakuusoma, na ndiye aliyeusaini wa kwanza.

Maneno yalikuwa yameanza kuvuma kwamba kamati mpya ya mafuriko itabomoa kila kilichosimama mferejini. Mkurugenzi alisikia, akapiga hesabu zake, akamwita Kwatei waende kwake. Jumba lilikuwa limefika ghorofa ya tatu, bado bati tu, na mabati yenyewe yalikuwa yamerundikwa uani.

"Andika hapa getini," aliamuru. "Kubwa. Wageni waone kutoka barabarani."

Kwatei alilitazama lile geti. Alikumbuka mifagio.

"Mheshimiwa, ungepitia kwanza mkataba."

"Kusoma ni kazi ya wasaidizi."

"Basi nikusomee kifungu cha tisa tu."

"Kwatei! Unifundishe mkataba nilioutia saini mimi? Lete hiyo fomu." Akasaini juu ya bega la Kwatei, kwa mbwembwe, kalamu ikitoboa karatasi.

"Sawa, Mheshimiwa. Funga geti, nipate nafasi."

Mkurugenzi alilifunga mwenyewe, akiwa nje, gari liko ndani. Kwatei akafungua kopo. Aliandika kwa saa tatu, akatandaza maneno kutoka bawa la kushoto la geti hadi la kulia, na ile A ya mwanzo aliipanua miguu kuliko zote alizowahi kuandika, na neno KIBALI alilikalisha katikati barabara, nusu bawa hili, nusu bawa lile. Rangi ilipokauka Mkurugenzi alipiga makofi, akashika komeo aingie kwake kula.

Filimbi ikalia. Wapwa wawili walitokea nyuma ya kichaka, fulana za kijani, kamba mkononi.

"Mjomba, samahani. Rudi nyuma hatua tatu."

"Nini? Hili ni geti langu!"

"Ni lako, mjomba, hakuna anayebisha. Lakini ni kazi iliyoandikishwa." Mpwa alifungua karatasi, akasoma polepole, maana shule hakukaa sana. "Kifungu cha tisa. Kazi, na jengo lote lililobeba kazi, havitapakwa, havitatenganishwa, havitaongezwa wala kuezekwa, milele. Ukifungua geti, mjomba, unaitenganisha."

"Nimewaajiri mimi!"

"Ndiyo, mjomba. Na ulisema tukimwogopa mtu utatufukuza."

Mkurugenzi alimgeukia Kwatei. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. "Futa! Futa upesi, bwana, bado mbichi!"

"Imekauka, Mheshimiwa," alisema Kwatei. "Na kufuta ni kuharibu urithi. Mimi ni mtumishi wa Halmashauri."

Mwezi wa sita mvua zikaja. Kwa vile yale mabati yalikuwa bado yamelala uani, mvua iliingia ghorofa ya tatu, ikateremka ya pili, ikakutana chini na maji ya mfereji yaliyokuwa yakirudi kwao kwa zamani. Mkurugenzi huingia kwake kwa ngazi, kupitia banda la kuku la jirani, mkoba mdomoni. Jirani humwambia, "Karibu, Mheshimiwa, usimkanyage huyo anayeatamia." Wageni hufika kila siku kwa mabasi, hulisoma geti lote neno kwa neno, na kila mara hupatikana mmoja anayeuliza kwa nia njema kabisa: "Na hicho kibali, kiko wapi?"

Jumapili moja Mama Amerley alifunga kibanda mapema, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda na Kwatei kutazama. Walisimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli mmoja. Juu ya banda la kuku kikapanda kichwa cha Mkurugenzi, kikashuka.

"Kwatei," alisema Mama Amerley, "tangu uanze kazi hii umeandika nyumba ngapi?"

"Zinafika elfu nne, Mama."

"Na wangapi wameacha kujenga?"

Kwatei alifikiri, kwa uaminifu wa mtumishi wa umma.

"Mmoja," alisema.